Samaki Wazima, Mwenye Tangi Anapigwa Shoti

Anayefuga samaki wa mapambo kwa muda wa kutosha, siku moja atakutana nalo. Ametia mkono tangini kuokota jani lililooza, na pale penye mkwaruzo wa kidole akahisi kitu kama sindano. Mkono ukatoka wenyewe kabla hajafikiri. Akawatazama samaki: wanaogelea, na wawili watatu wamepanda juu wakidhani wameletewa chakula. Akajiambia, kama kweli kungekuwa na umeme humu, hawa wangekuwa wameshageuka matumbo juu. Akatia mkono tena.

Hoja hiyo nimeisikia kwa watu wenye akili zao, na nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuitumia. Inaonekana imekamilika. Kasoro yake ni kwamba samaki si kipimo cha umeme. Anaweza kuishi siku nyingi katika maji yatakayomdhuru mtu wa kwanza kuyagusa, na hapo hakuna muujiza wowote. Ukielewa sababu yake, karibu kila kanuni ya usalama wa umeme wa tangi itajieleza yenyewe, na baadhi ya ushauri unaosambaa utauona ulivyopinda.

Maneno matatu kwanza

Volti ni msukumo. Fikiria pipa la maji juu ya mnara: kadiri lilivyo juu, ndivyo maji yanavyosukuma kwenye bomba, hata kabla hujafungua koki. Katika nchi nyingi soketi ya nyumbani ina volti 220 hadi 240. Marekani ni kama 120. Mkondo ni kiasi kinachopita kweli baada ya koki kufunguliwa, nao hupimwa kwa ampea. Ampea nzima ni kubwa mno kwa mwili wa binadamu, hivyo tutazungumza kwa miliampea, yaani sehemu ya elfu ya ampea. Ukinzani ni wembamba wa bomba, jinsi kitu kinavyogoma kupitisha mkondo, na hupimwa kwa omu. Gawanya volti kwa omu, unapata ampea. Hesabu tutakayoihitaji ni hiyo tu.

Mfano wa bomba una mahali unapokwama, na ndipo mkanganyiko wa samaki unapozaliwa. Bomba likikatwa, maji humwagika. Umeme haumwagiki. Mkondo hautembei mpaka uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi kulikotoka. Duara lisipofunga hakuna kinachopita, hata msukumo uwe mkubwa kiasi gani. Kwa kawaida njia ya kurudi ni ule waya wa pili wa plagi, nyutro. Lakini katika mifumo mingi ya majumbani nyutro imeunganishwa na ardhi huko umeme unakotoka. Kwa hiyo ardhi yenyewe, pamoja na vyote vilivyoshikamana nayo, sakafu yenye unyevu, bomba la chuma, ukuta mbichi, ni njia ya kurudi iliyo wazi usiku na mchana.

Sasa rudi tangini. Hita imepata ufa mwembamba kama unywele, na waya wake wenye umeme umegusana na maji. Penye ufa penyewe mkondo kidogo unaweza kuzunguka, na samaki anayepita karibu mno ataumia. Lakini maji mengine yote? Yamebeba volti na hayana pa kuupeleka mkondo. Kioo hakipitishi umeme. Silikoni iliyounga vioo haipitishi. Mbao kavu za meza hazipitishi kiasi cha maana. Samaki yuko kama ndege aliyetua juu ya waya mmoja wa umeme: msukumo umemzunguka sawa pande zote, na hakuna kinachopita ndani yake.

Kisha unakuja wewe, miguu peku, umesimama kwenye sakafu uliyoimwagia maji dakika tano zilizopita. Unatia mkono. Kipande cha duara kilichokuwa kinakosekana ni wewe.

Mambo hubadilika pale mkondo unapopata njia ya kupita ndani ya maji yenyewe. Watafiti wa mito hutumia jambo hilo hasa: huzamisha ncha mbili za umeme majini, samaki waliopo katikati huduwaa, huwahesabu, kisha huwaachia. Samaki hudhurika kwa tofauti ya volti kati ya kichwa na mkia wake. Tofauti hiyo isipokuwepo, hana habari na balaa lililo nje ya kioo.

Kiasi gani kinamdhuru mtu

Watu huogopa volti, na wana haki, lakini kinachofanya kazi ndani ya mwili ni mkondo na muda uliodumu. Miliampea 1 hivi ndiyo mwanzo wa kuhisi. Zikifika kama 10, misuli ya mkono hujikaza na mtu anaweza kushindwa kuachia alichoshika. Kiswahili kimelitaja vizuri jambo hili, tunasema mtu amenaswa. Kuanzia 30 hivi, zikidumu, kupumua kunatatizika na moyo huanza kuwa hatarini. Kati ya 50 na 100 moyo unaweza kupoteza mpigo wake na kuanza kutetemeka bila kusukuma damu. Mipaka hii si ya ukuta, hutofautiana kwa mtu, kwa njia ambayo mkondo umepita mwilini na kwa muda. Ila inatosha kuonyesha udogo wa kiasi tunachozungumzia: taa ya wati 10 kwenye volti 230 hutumia miliampea 43 hivi. Kinachowasha taa ndogo kinatosha kuuvuruga moyo.

Ngozi kavu hutukinga sana. Ukinzani wa mwili wenye ngozi kavu unaweza kufika makumi ya maelfu ya omu. Lowesha mkono mpaka kwenye kiwiko, weka mkwaruzo mmoja au miwili, simama peku, nao unashuka hadi karibu omu 1,000. Volti 230 ukigawa kwa omu 1,000 unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Maji yanageuza ajali ya kukushtua kuwa ajali ya kukumaliza, na yanafanya hivyo kwa kukuondolea ngozi yako, tuseme hivyo.

Breka iliyoko ukutani hailindi moyo wako

Hii ndiyo imani potofu ninayoiona ya hatari kuliko zote, kwa sababu aliye nayo hulala usingizi. “Nyumba yangu ina breka, kukitokea shoti inajizima.” Breka ya kawaida na fyuzi kazi yake ni kuulinda waya usipate moto. Breka ya ampea 16 inaruhusu miliampea 16,000 zipite siku nzima bila kutikisika. Wewe unayepitisha 230 kutoka mkononi hadi miguuni, kwake ni mteja mdogo aliyewasha taa moja mbili. Haitakuona.

Kinachokuona ni kifaa kingine, ambacho kwenye maboksi ya umeme huandikwa RCD, na Marekani GFCI. Tukiite kinga ya mvujo. Namna kinavyofanya kazi inapendeza kwa wepesi wake. Mchungaji anasimama mlangoni mwa zizi na kuhesabu mbuzi wanaotoka asubuhi na wanaorudi jioni. Hajui walikokwenda wala walichokula. Anajua tu wametoka arobaini, wamerudi thelathini na tisa, basi kuna mmoja kapita kwingine. Kinga ya mvujo inalinganisha mkondo unaotoka kwa waya mmoja na unaorudi kwa mwingine. Kifaa kikiwa kizima, hesabu ni sawa. Hesabu ikipungua, kuna mkondo unaorudi kwa njia ya ardhi, na pengine njia hiyo ni mtu. Inakata.

Zile zinazotumika sana majumbani hukata mvujo ukifika miliampea 30, na viwango vinazitaka zifanye hivyo ndani ya sehemu 3 za kumi za sekunde. Mvujo ukiwa mkubwa mara tano ya hapo, ndani ya sehemu 4 za mia za sekunde. Za Marekani hukata mapema zaidi, kwenye miliampea 5 hivi. Aliyezibuni hizo za Marekani mwaka 1961, Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alikuwa ametumia miaka mingi kupima mkondo ambao mtu bado anaweza kuuachia mwenyewe. Namba hizo ndogo zilitoka kwenye misuli ya watu waliojitolea kupimwa.

Sasa upande wa pili, kwa maana nimeona watu wakifunga kifaa hiki kisha wakaacha tahadhari nyingine zote. Kwanza, hakizuii shoti. Utaipata, na itauma. Kilichopunguzwa ni muda. Pili, ukishika waya wa moto, ule unaoleta umeme, kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, hesabu ya mchungaji itatimia, mbuzi wote watarudi, nawe umekaa katikati kama taa. Tatu, huchakaa. Kuna kitufe cha majaribio juu yake, na kipo ili kibonyezwe. Vifaa vingi vimeandikwa kibonyezwe kila mwezi au kila baada ya miezi michache. Usipokijaribu unabaki kukiamini kwa sura tu. Kama nyumba haina kinga hii kwenye boksi kuu, zipo zinazokaa kati ya soketi na plagi, na kwa tangi la samaki zinafaa kabisa.

“Nimepima tangi langu, lina volti 60”

Swali hili huzua hofu kubwa na mara nyingi ni hofu ya bure. Mtu anachukua multimita, kile kipimo cha umeme chenye ncha mbili, ncha moja majini, nyingine kwenye tundu la ardhi la soketi, anasoma volti 40, 60, hata zaidi. Anaamua tangi limeoza.

Pampu nyingi za tangi zina koili ya waya iliyozikwa ndani ya gundi ngumu, na sumaku inayozungushwa na koili hiyo ikiwa upande wa pili wa ukuta wa plastiki. Hakuna waya unaogusa maji. Hata hivyo koili yenye umeme unaobadilika mwelekeo mara 50 au 60 kwa sekunde huweza kupitisha mguso mdogo sana wa umeme kupitia plastiki nzima isiyo na ufa, kama vile ngoma ya jirani inavyosikika ukutani ingawa ukuta hauna tundu. Multimita za kisasa zina ukinzani wa ndani wa kama omu milioni 10, kwa hiyo huusikia mguso huo. Piga hesabu: volti 60 kwa omu milioni 10 ni sehemu 6 za milioni ya ampea, miliampea 0.006. Hata moja ya kuhisi haijafika. Testa ya bisibisi yenye taa ndogo nayo huwaka kwa sababu hiyo hiyo, inahitaji mkondo mdogo mno kuwaka.

Tatizo ni kwamba hita iliyopasuka nayo itakuonyesha volti. Kipimo hicho peke yake hakitenganishi mzimu, yaani mguso ule usio na madhara, na jambazi. Fundi umeme ana njia: hupima upya akiwa ameweka mzigo mdogo, yaani kitu kinachotumia umeme kidogo, sambamba na mita, na volti za mzimu huanguka karibu na sifuri palepale, ilhali za kweli hubaki. Wewe nyumbani unachoweza ni kuchomoa kifaa kimoja kimoja, mkono ukiwa nje ya maji, na kutazama ni kipi kinachoishusha namba. Na kama umehisi kitu kidoleni, acha mjadala wa mzimu. Chukulia ni kosa la kweli mpaka ithibitike vinginevyo.

Hapa ndipo huingia ushauri wa kijiti cha titani kinachozamishwa tangini, waya wake ukaunganishwa na ardhi. Wauzaji hukiita kinga ya samaki na ya mwenye samaki. Maoni yangu ni kwamba kina faida katika mazingira mamoja tu. Kama kinga ya mvujo ipo na inafanya kazi, kijiti kinaupa mvujo njia ya kwenda ardhini mara tu hita inapopasuka, kinga inakata usiku wa manane, na asubuhi hukuti hatari, unakuta taa zimezimwa. Kama kinga ya mvujo haipo, kijiti kinaharibu hali. Mkondo sasa una njia na unapita ndani ya maji mfululizo, breka haiuoni kwa udogo wake, na samaki waliokuwa kama ndege juu ya waya sasa wako njiani. Zaidi ya hapo, maji yako yamekuwa ardhi. Siku utakayoshika taa yenye hitilafu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia uko tangini, umejifungia duara wewe mwenyewe, kutoka mkono hadi mkono, kupitia kifuani. Kwa hiyo kinga ya mvujo kwanza, kijiti baadaye au kisiwepo kabisa. Na tundu la tatu la soketi si ushahidi kwamba nyuma yake pana waya wa ardhi. Hilo linataka fundi alipime.

Swali dogo linaloambatana na hili: plagi ya pini mbili ni ya bidhaa feki? La, si lazima. Tafuta alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kifaa. Ina maana kimejengwa kwa tabaka mbili za kizuizi, na hakihitaji waya wa ardhi. Ila kumbuka kwamba kifaa cha namna hiyo kikipasuka chini ya maji, hakina waya wa ardhi wa kuuondoa mvujo. Kinga ya mvujo ndiyo tegemeo lililobaki, na huenda ikangoja mpaka mkono wako uingie.

Maji hutembea juu ya waya

Ajali nyingi za umeme wa tangi hazianzii ndani ya tangi. Huanzia kwenye soketi. Tone la maji likitua juu ya waya wa pampu, halianguki; linaufuata waya, na kama waya umeshuka moja kwa moja kutoka ukingo wa tangi hadi soketini, tone litafika soketini. Dawa yake haina gharama yoyote. Acha waya uning’inie chini ya usawa wa soketi, halafu upande kuingia. Tone likifika pale chini kabisa, haliwezi kupanda. Litadondoka sakafuni. Kitanzi hicho cha matone ni kitu cha kwanza ninachokitazama nikiingia nyumba ya mtu mwenye tangi, kabla hata ya samaki, na wenyeji wangu wameshanizoea.

Kwa sababu hiyo hiyo, ekstensheni isilazwe sakafuni chini ya tangi. Ndipo maji yatakapokusanyika siku kioo kitakapovuja. Ifungwe ukutani au ubavuni mwa kabati, pembeni na si chini ya tangi, matundu yakitazama upande. Ndani ya kabati pia pana unyevu unaopanda kutoka kwenye chujio, basi pasizibwe kabisa.

Kuhusu kuzidisha mzigo, watu wanalaumu ekstensheni kwa kosa lisilo lake. Hita ya wati 200, chujio wati 15, pampu ya hewa wati 5, taa wati 30: jumla ni 250, sawa na ampea 1.1 kwenye volti 230. Ekstensheni ya kawaida inabeba hiyo bila jasho. Kinachoiunguza ni matundu yaliyolegea, unyevu, vumbi, na kuchomeka ekstensheni juu ya ekstensheni mpaka hakuna anayejua ipi inatoka wapi.

Tangi la maji ya chumvi ni habari nyingine. Maji ya bahari hupitisha umeme mara 100 hivi au zaidi kuliko maji mengi ya bomba, na viputo vinavyopasuka juu hurusha chembe za chumvi zinazotua juu ya waya, plagi na soketi. Chumvi ile nyeupe hufyonza unyevu wa hewa, na utando wenye unyevu kati ya pini mbili za plagi ni njia ya mkondo. Huanza na joto kidogo, kisha rangi ya kahawia kwenye plastiki, kisha harufu. Mwenye tangi la namna hii afute plagi zake mara kwa mara, zikiwa zimechomolewa, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, azikaushe kabla ya kuzirudisha.

Pampu ya hewa ina mtego wake, nao hufyatuka umeme unapokatika. Wengi huiweka chini ya usawa wa maji, ndani ya kabati. Hewa inaposimama, maji hupanda kwenye mpira wa hewa, na yakishavuka ukingo hushuka upande wa pili yenyewe, sawa na mtu anayehamisha maji kwa mpira kutoka ndoo ya juu kwenda ya chini. Yanaingia kwenye pampu ambayo haikuundwa kuloweka, na kuingoja saa ya umeme kurudi. Vali ndogo ya njia moja kwenye mpira huo huyazuia. Ijaribu kwa kupuliza: upande mmoja upite, mwingine ugome. Kama kuna nafasi, iweke pampu juu ya usawa wa maji, na vali iwe ya ziada.

Hita, mkorofi wa familia

Kama ningeruhusiwa kukagua kifaa kimoja tu katika tangi, ningekagua hita. Ina kioo, ina joto, ina umeme wa soketi moja kwa moja, vyote majini. Hupasuka hasa siku ya kubadilisha maji. Mtu anachota maji bila kuichomoa, hita inabaki hewani ikiwa imewaka, kioo kinapata moto haraka kwa kuwa hakuna maji ya kukipoza, halafu maji mapya baridi yanamwagwa juu yake. Mlio ni mdogo, kama wa bilauri. Zile za plastiki ngumu au zenye swichi ya kujizima zinapokuwa hewani zimepunguza tatizo hilo, hazijalimaliza.

Ichomoe kwanza, ngoja dakika 15 hadi 30 ipoe majini, ndipo upunguze maji. Ukishajaza, hakikisha maji yamefika mstari uliochorwa juu yake kabla ya kuirudisha. Vikombe vya mpira vinavyoishika kiooni hukauka na kuachia. Hita iliyoanguka juu ya mawe au iliyoegemea plastiki ni ya kuinuliwa leo.

Kosa lake la pili halimpigi mtu shoti ila humchemshia samaki: kidhibiti joto kuganda kikiwa kimewasha. Ndiyo maana wengine hutumia hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikiganda, haina nguvu ya kulipandisha tangi zima haraka, na unapata muda wa kuona.

Maandishi ya IP kwenye kifaa, yanayoeleza kinavyokingwa dhidi ya vumbi na maji, nayo yana mkanganyiko wake, ingawa ni mwepesi. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji. IPX4 inastahimili kurushiwa maji. IPX7 inastahimili kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30, yaani kuangukia majini na kuokolewa, si kuishi humo. Kinachokaa majini siku zote kinatakiwa kiwe na 8, kama IPX8 au IP68, kwa kina ambacho mtengenezaji amekitaja. Taa nyingi za LED hutumia volti 12 au 24, na pampu ndogo za USB volti 5, na kwa hilo ni salama zaidi. Lakini adapta yake upande wa soketi ina volti zile zile za ukutani, na adapta iliyotengenezwa hovyo inaweza kuvusha volti hizo hadi upande wa pili. Adapta haijaundwa kuloa hata kama taa yake imeundwa.

Kabla ya mkono kuingia

Chomoa. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya umeme vya matangi na vidimbwi vya bustani, IEC 60335-2-55, kinataka kila kifaa kije na onyo kwamba vyote vilivyomo majini vikatwe umeme kabla ya matengenezo. Si kile unachokigusa tu: vyote. Kuzima swichi pekee si sawa na kuchomoa, maana swichi nyingi hukata waya mmoja, na kama plagi imegeuzwa au soketi imefungwa kinyume, waya uliokatwa ni nyutro na ule wa moto bado unaingia majini. Kuchomoa plagi nne kila mara ni kero, najua. Fanya zote ziingie kwenye ekstensheni moja yenye plagi moja inayofikika kwa mkono mkavu.

Wengine wanakataa kinga ya mvujo kwa sababu yenye mantiki: ikikata nikiwa safarini, chujio litasimama na samaki watakosa hewa. Ni kweli. Suluhisho si kuiondoa bali kuwa na mbili, hita kwenye moja, chujio na pampu ya hewa kwenye nyingine. Hita ndiyo inayokata mara nyingi, na samaki wengi watavumilia maji yaliyopoa kidogo kuliko maji yasiyo na hewa.

Akinaswa mtu, usimshike. Kata umeme kwenye swichi kuu au chomoa plagi. Ikishindikana, mtenganishe kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme kama mti mkavu, ukiwa umesimama pakavu. Ita msaada wa dharura. Kama hapumui, anza kukandamiza katikati ya kifua, kwa mtu mzima kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Aliyezimia, aliyehisi moyo kwenda mbio au aliyepata maumivu ya kifua aende hospitali hata kama anasema amepona.

Na kinga ikikata, usiirudishe mara tatu ukitarajia itachoka. Chomoa vyote, irudishe, kisha chomeka kimoja kimoja kwa mkono mkavu, ukikipa kila kimoja muda, hita ukiipa muda mrefu zaidi kwa sababu huenda ikawa imepumzika na haijawaka. Kitakachoiangusha ndicho mwizi wako. Wakati mwingine ni viwili, kila kimoja kinavujisha kidogo, na kinga inaanguka vikiwa pamoja tu. Hapo badilisha cha zamani zaidi kwanza. Kile kibovu, kabla hujakitupa, kikiwa kimechomolewa, kata waya wake karibu na kifaa. Hita iliyopasuka ufa mwembamba huonekana nzima kabisa, na kuna mtu atakayeiokota.